Mombasa kwa aliyehamia juzi: kula na kubarizi kwa saa zake

Malalamiko mawili husikika sana kwa watu waliohamia Mombasa karibuni kutoka bara. Kwanza, chakula cha barabarani kimepoa na kimejaa mafuta. Pili, walienda ufuo wa Pirates siku ya mapumziko wakakuta mchanga mtupu na majani ya bahari, maji yenyewe yako mbali kule karibu na mwamba. Yote mawili ni kweli, ila kosa si la mpishi wala la bahari. Mji huu una saa ya mahamri, saa ya karai, saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa, na anayetoka pale tu anapopata nafasi hukuta mabaki.

Maoni haya ni juu ya vyakula na sehemu ambazo mtu wa mshahara wa kawaida anazifikia kwa matatu, tuktuk au miguu, kisiwani na ng'ambo ya daraja la Nyali. Mikahawa ya hoteli za kitalii haimo. Hizo zina matangazo yake.

Tuanze na asubuhi, maana hapo ndipo wageni wengi hupoteza. Kifungua kinywa cha Mombasa ni mahamri na mbaazi za nazi. Huhitaji kuulizia hoteli maarufu. Katika Mji wa Kale, Kibokoni, Kuze, Bondeni, Majengo na Tudor utakuta mama ameweka karai mbele ya mlango wake, benchi moja pembeni, na foleni ya watoto waliotumwa na vyombo. Foleni ya watoto wenye vyombo ni alama nzuri kuliko ubao wowote wa rangi, kwa sababu mama zao wanajua mbaazi.

Hamri zuri lina uwazi ndani. Unga wa ngano hukandwa kwa tui la nazi badala ya maji, kama nusu lita ya tui kwa kilo moja ya unga, pamoja na sukari, hamira na hiliki iliyotwangwa papo hapo. Donge huachwa liumuke hadi lizidi maradufu, husukumwa duara, hukatwa vipande vinne, kisha vipande hupumzishwa tena kidogo kabla ya kuingia mafutani. Mpishi anayejua kazi humwagia hamri mafuta ya moto kwa juu kwa mwiko mara tu linapoelea, na hapo ndipo linapovimba. Ukiona mahamri bapa, ama yamesukumwa membamba mno ama hayakupumzishwa. Ukiona karatasi imelowa mafuta kabla hujafika nyumbani, mafuta hayakuwa na moto wa kutosha, kwa hiyo unga ulikaa ndani ukinywa badala ya kuiva. Likiwa na harufu ya uchachu, donge lililala usiku kucha kwenye joto. Na likikosa hiliki, hilo ni andazi. Lilipie bei ya andazi.

Mbaazi ndizo zinazotenganisha mama na mama. Hulowekwa usiku, huchemshwa hadi punje inapondeka kwa vidole viwili, halafu hutiwa kitunguu, pilipili na tui jepesi. Tui zito huja mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, sufuria wazi, mwiko haupumziki. Moto ukizidi hapo tui hukatika: utaona vijipande vyeupe na mafuta yanaelea juu kivyake. Bado zinalika, ila utamu umeshapungua. Kuna wanaopunguza nazi na kuongeza unga ili mchuzi uonekane mzito. Ziache mbaazi zipoe dakika chache sahanini. Za unga huganda, za nazi hubaki zinatiririka.

Saa ya yote haya ni kuanzia kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi. Ukifika saa nne, mazungumzo huwa ni haya tu:

"Mama, shikamoo. Mbaazi zipo?"

"Marahaba mwanangu. Zishakwisha zamani. Kesho wahi, ama ulete chombo nikuwekee."

Huo wa chombo si utani. Mteja anayeacha chombo chake jioni au kukileta mapema huwekewa, na huwekewa vizuri. Kumbuka pia kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, hivyo usipokuja na chombo chenye kifuniko utabeba mchuzi kwa namna utakayoijutia ndani ya tuktuk. Mahamri manne, sahani ya mbaazi na chai ya tangawizi vinamtosha mtu mzima hadi saa saba. Ukidaiwa zaidi ya shilingi mia mbili kwa hayo, umekaa meza ya watalii.

Chakula cha mchana hakihitaji maelezo marefu. Wali wa nazi na samaki wa kupaka upo kila mahali; mwulize mwenye hoteli samaki ni nani leo. Akijibu "changu", "tafi" au "kolekole" bila kufikiri, yuko karibu na jiko lake. Akisema "samaki tu", agiza maharagwe. Biriani ya hapa hupikwa mchuzi kivyake na wali kivyake, vikakutana sahanini, na uzito wa ule mchuzi hutokana na vitunguu vingi vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia na vikavu. Ukikuta mchuzi mwekundu na mwembamba, hizo ni nyanya zimechukua nafasi ya kitunguu. Siku ya biriani na pilau ni Ijumaa. Hoteli nyingi za Waswahili hufunga wakati wa swala, kama saa sita na nusu hadi saa nane kasoro, kisha watu hutoka msikitini wote kwa pamoja. Basi ama uagize mapema, ama ukubali kusikia kwamba kuku amekwisha na kumebaki wali.

Mchana huo huo, jua likiwa kali, dafu linaokoa. Anayejua nazi hutaja umri wake: kitale, dafu, koroma, nazi. Wewe unataka dafu. Litikise sikioni. Lisiposikika maji, limejaa. Likicheza maji ndani, limeanza kuelekea koroma na maji yake yamepungua utamu. Mwambie muuzaji kabla hajakata kama unataka la maji au lenye nyama laini, maana anaweza kuchagua kwa kugonga tu. Ukimaliza kunywa mrudishie alipasue. Atakuchongea kijiko kwa kumbi la dafu hilo hilo. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi nayo ni nzuri, lakini tazama mashine. Ikiwa miwa iliyomenywa imelala wazi juani na barafu inavunjwa ndani ya gunia, pita.

Sasa jioni. Karai huwekwa motoni baada ya alasiri, na kuanzia saa kumi na nusu mitaa yote inanukia. Kama una jioni moja tu ya kujifunza mji, itumie hapa.

Viazi karai ni viazi vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande vikubwa, vikachovywa kwenye unga uliokorogwa na binzari ya manjano, chumvi na pilipili, kisha vikakaangwa. Ni chakula rahisi, na kwa sababu hiyo hiyo makosa yake huonekana haraka. Unga uwe mwepesi wa kumwagika. Ukiwa mzito, unakula gamba la unga lenye kiazi kidogo katikati. Kiazi kichemshwe kisimamie, kwa sababu kilichoiva mno huvunjika ndani ya unga, makombo yakabaki karaini yakiungua, na kila kinachofuata kikatoka na ladha ya moshi. Ndiyo sababu mpishi mzuri ana kichujio mkononi na hutoa makombo kila baada ya mkupuo. Tazama hilo kabla ya kuagiza. Tazama na mafuta: yakitoa povu jingi na moshi wakati karai halina kitu, yametumika siku nyingi. Bhajia ni jambo tofauti: kiazi kibichi kilichokatwa chembamba, unga wa dengu, kotimiri. Nazo zitolewe mbele yako. Bhajia zilizokaa kwenye kabati la kioo hulegea ndani ya robo saa.

Kinachomaliza kazi ni chatne ya ukwaju. Iwe chachu kwanza, tamu baadaye, na pilipili ije mwisho. Wauzaji wengine huongeza maji kadiri jioni inavyosonga, hivyo chatne ya saa kumi na moja si ile ya saa mbili. Omba iwekwe pembeni. Ikimwagwa juu, gamba linalowa kabla hujafika kiti.

Mihogo ina namna tatu. Ya karai hukaangwa vipande vizima, ikapasuliwa katikati ikatiwa pilipili ya unga, chumvi na ndimu. Ya kuchoma huiva juu ya makaa na hutiwa viungo hivyo hivyo. Krispi hukwaruzwa membamba moja kwa moja juu ya mafuta. Muhogo hauvumilii kukaa: siku mbili tatu baada ya kung'olewa huanza kuwa na michirizi ya buluu nyeusi ndani, na ukiupika ni mchungu na mgumu. Muuzaji akiupasua mbele yako, angalia weupe wake. Ukiona michirizi, mwambie kwa adabu akupe mwingine, naye atakupa, kwa sababu anajua. Wakati wa krispi, simama upande upepo unakotoka. Ukiwa ukingoni mwa bahari, mafuta hurukia nguo.

Viazi vya rojo ni vya kuagizwa na mwenye njaa. Rojo lake ni la manjano, jepesi, lenye uchachu wa ndimu au embe mbichi, na ndani hutupwa viazi, bhajia, chatne ya nazi, pilipili, na juu kabisa krispi za muhogo ambazo lazima uzile kabla hazijalowa. Ukionja ukahisi unga mbichi kwenye ulimi, rojo halikuchemka vya kutosha. Hakuna pilipili itakayolificha. Lile likiwa bado moto.

Kwa mishkaki, subiri. Hili ndilo jambo pekee la jioni ambalo kuwahi hakukufaidi. Makaa yakiwa bado yana ndimi za moto, nyama huungua nje na kubaki mbichi ndani. Baada ya nusu saa, yakishavaa majivu, ndipo joto linapotulia. Nyama hulainishwa kwa tangawizi, saumu, ndimu na papai bichi. Saa mbili za papai zinatosha nyama ya ng'ombe. Ikilazwa nayo usiku mzima hulainika kupita kiasi, unatafuna kitu kisicho na nyuzi, na wengi wanaodhani wamepewa nyama ya kusaga wamekula papai lililozidi. Mwambie mchomaji asizipake mafuta mara ya mwisho kama huzipendi zikiwa na masizi: mafuta yakidondoka kwenye makaa ndiyo huinua moshi mweusi.

Funga kwa kahawa chungu. Haina sukari na haitiwi. Utamu hutoka kwa kashata, halua au tende unayoishika mkono wa pili. Muuzaji wa kahawa utamsikia kabla ya kumwona, kwa mlio wa vikombe. Vikombe ni vidogo na viwili ni vingi kwa anayetaka kulala.

Pa kula haya yote ni wapi? Kwa mtu asiyejua mitaa, Mama Ngina, ncha ya kusini ya kisiwa. Eneo hilo lilikarabatiwa na sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zikafanyika hapo tarehe 20 Oktoba 2019. Kuna njia pana za kutembea, ngazi za kukaa na nyasi, na mibuyu ya zamani imebaki mahali pake. Kinachoifanya ishinde bustani nyingine zote za mji ni mlango wa bahari uliopo chini yake. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita hapo hapo, karibu kiasi cha kusoma jina kwenye ubavu bila darubini. Watoto huacha kula kuitazama moja ikipita, na ile ya kontena huchukua muda wake.

Kasoro nazo zipo. Kivuli ni kidogo mchana, kwa hiyo saa saba hadi saa tisa usijisumbue. Jumapili jioni watu ni wengi kiasi kwamba foleni ya krispi hufunga njia, na magari huganda kuanzia barabara ya kuingia. Jumanne au Jumatano utapata benchi na mpishi mwenye nafasi ya kukujibu. Msimu wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, upepo wa ukingoni una nguvu, karatasi ya chakula hupeperuka, na mtoto mdogo anahitaji sweta, ndiyo, hata Mombasa. Na usiogelee hapo. Chini ni mwamba wa matumbawe wenye makali, na mkondo wa mlango wa bahari ni mkali, hasa maji yanapotoka. Wanaoruka majini pale kwa sifa ni wenyeji wanaojua saa; wewe bado. Mabuyu mekundu yanayouzwa pale ni matamu na hutia rangi kila kitu, nguo nyeupe za Ijumaa zikiwemo.

Kwa kuogelea, nenda Pirates, ambayo jina lake rasmi ni Jomo Kenyatta Public Beach, upande wa Bamburi. Matatu za Bamburi na Mtwapa kutoka mjini hupita daraja la Nyali na kukushusha barabarani, kisha unatembea kidogo. Lakini kwanza jifunze maji, maana siku ya Pirates huharibiwa na hili pekee.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi karibu mita moja. Sasa, kwa Mombasa, siku za bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: hujaa kama saa nne asubuhi na hupwa kama saa kumi jioni, ila hayaendi mbali. Huhitaji programu ya simu. Tazama tarehe ya Kiislamu kwenye kalenda ya ukutani: tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 ni bamvua, 7 hadi 9 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Siku za katikati, ongeza dakika 50 kwa kila siku iliyopita. Kwa saa kamili za siku fulani tumia jedwali la kupwa na kujaa, lakini kwa kuamua uende asubuhi au jioni, kalenda inatosha.

Kwa hiyo wikendi ya bamvua, ogelea kuanzia saa nane hadi saa kumi, maji yakiwa yanaingia safi kutoka nje ya mwamba. Karibu na saa kumi ufuo hubaki mwembamba sana, na waliotandika leso chini huzikuta zinaelea. Weka vitu juu, karibu na miti. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, saa tatu hadi saa nne, ni wakati wa kutembea kwenye sakafu ya bahari kuelekea mwambani na kutazama vidimbwi: kaa, viti vya pweza, samaki wadogo wa rangi. Vaa viatu vya kamba vinavyoshika kisigino, si malapa. Kuna viumbe wa baharini wenye miiba mirefu mieusi, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyayo. Watu wa pwani hupaka utomvu wa papai bichi ili ulainike. Geuka mara maji yanapoanza kurudi, kwa kuwa hayarudi mbele yako: huingia kwanza kupitia mifereji iliyo nyuma, kati yako na ufuo, na anayechelewa huvuka maji ya kifua ilhali alikwenda mguu mkavu. Usiokote makombe wala matumbawe. Sehemu ya bahari ile ni hifadhi, na askari wa wanyamapori hawana mzaha.

Huduma za ufuoni ni za kupatana bei, na bei ya kwanza kwa anayezungumza Kiswahili cha bara huwa ni ya juu. Maboya ya matairi hukodiwa kwa muda. Hakikisha mmesemezana ni nusu saa au saa nzima, na nani ana saa. Ngamia ni kwa watoto na picha. Boti ya kioo chini inafaa, kwa sharti la kuuliza mambo manne kabla ya kupanda: bei ni ya mtu au ya boti, tiketi ya hifadhi imo au haimo, miwani ya kupigia mbizi imo au inalipiwa, na mtakaa majini muda gani. Tiketi ya hifadhi ndiyo huleta ugomvi katikati ya safari, kwa sababu aliyepatana hakuitaja na nahodha hakuiuliza. Nenda maji yakiwa yamepwa nusu. Yakiwa juu kabisa matumbawe huwa mbali chini ya kioo. Jaketi la kuokolea uliombe hata ukijua kuogelea.

Kurudi mjini Jumapili kuanzia saa kumi na moja ni mateso ya foleni ya Nyali, na nauli hupanda. Kula kwanza. Wauzaji wa viazi na mihogo wako pale pale, na saa mbili usiku barabara inafunguka.

Mtu mwenye watoto wasiopenda mawimbi ana Haller Park karibu na hapo, na kwa maoni yangu ndiyo pesa inayotumika vizuri zaidi kaskazini ya kisiwa. Palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, shimo jeupe lisilomea kitu, hadi mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti. Mivinje ilishika, lakini majani yake hayakuoza, na ni jongoo walioletwa makusudi ndio walioyatafuna hadi ukapatikana udongo. Tembea ukijua hilo na utaona kila hatua unakanyaga kazi yao. Twiga na kobe wakubwa wapo, kivuli ni kizuri hata saa saba, njia ni rahisi kwa wazee. Tumbili huiba chakula, basi mahamri yabaki ndani ya mkoba uliofungwa.

Kwa asiyetaka jam kabisa kuna ufuo wa Shelly, ng'ambo ya Likoni. Feri ni bure kwa mtembea kwa miguu. Ukishuka ni upande wa kushoto, kwa tuktuk au miguu. Ufuo ni mdogo na huduma ni chache, na ndio uzuri wake. Epuka feri saa moja hadi saa tatu asubuhi na saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, na simu iwe mfuko wa mbele.

Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ni ya mara moja kwa mwaka ama ukipata wageni. Njoo na kitambulisho cha Kenya upate bei ya mwananchi. Mitaa iliyo nyuma yake ndiyo ya kila wiki. Ingia Ndia Kuu saa kumi na moja, kuta zikiwa zimeanza kutoa kivuli, vaa nguo za heshima, salimu waliokaa barazani kabla ya kuuliza njia, na usipige picha za watu bila ruhusa. Ukisalimu vizuri utaelekezwa kwa mama wa mkate wa sinia ambaye hana ubao wowote.

Ramadhani ikikukuta umeshahamia, geuza ratiba yote. Mchana sehemu nyingi za kula za Mji wa Kale hufungwa, na mgeni asiyefunga hali hadharani. Kisha baada ya alasiri mitaa hujaa meza za kaimati, sambusa, vitumbua, tambi na mkate wa sinia, na kila kitu kimetoka jikoni saa hiyo hiyo. Nunua kabla ya saa kumi na mbili, kwa kuwa ikikaribia Magharibi muuzaji hukunja meza akafuturu kwake. Mbaazi nazo huhamia jioni, na vyombo huanza kupangwa foleni mlangoni kwa mama saa kumi.